Mashine Nazo Husahau: Kutoka Tanuru la 1911 Hadi Kadi ya Flashi

Leo tunabaki nyumbani, ila tunaingia mahali ambapo wengi wetu hatuchungulii: ndani ya kasha la umeme la mtambo.

Ukishuka na ndege Luano na kushika barabara ya mjini, hatimaye utauona ule mnara wa moshi na mlima mweusi wa mabaki ya tanuru, terili yetu. Wageni hupiga picha. Sisi tumezoea. Lakini ukitazama viwanda na migodi inayouzunguka mji, upande wa Ruashi mpaka kule Kipushi, Likasi na Kolwezi, karibu kila pampu kubwa, mkanda wa kubebea mawe na kinu cha kusagia vina kompyuta ndogo inayovipa amri. Na kwa nyingi kati ya kompyuta hizo, akili yote ya mtambo imelala kwenye kadi ya flashi ndogo kuliko kiberiti, au kwenye diski ya SSD.

Swali letu la leo ni rahisi: kadi ile inaaminika?

Wauzaji watakwambia ndiyo, kwa sababu haina kitu kinachozunguka ndani yake. Historia inajibu tofauti kidogo. Tangu viwanda vianze, kila kizazi cha kumbukumbu kilitibu ugonjwa wa kusahau wa kizazi kilichotangulia, kisha kikaja na wa kwake. Anayejua mashine yake husahau kwa njia gani ndiye anayelala usingizi. Wengine huamshwa usiku.

Wakati kumbukumbu ilikuwa kichwani mwa mtu

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906. Reli ilifika Élisabethville 1910, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa kwenye tanuru la Lubumbashi. Wakati ule mtambo haukukumbuka kitu chochote. Aliyekumbuka ni mtu: lini kuongeza makaa, rangi gani ya moto inamaanisha nini, valvu ipi ifunguliwe kwanza. Mtu yule akiugua, akifa au akirudi kijijini, kumbukumbu iliondoka naye.

Viwanda vilipokua, kama kile cha elektrolisisi cha Shituru kule Likasi mwaka 1929, kazi za umeme ziliongezeka. Duniani kote dawa ya wakati huo ilikuwa relei: swichi zinazovutwa na sumaku, mamia kwa mamia, zimeunganishwa kwa waya ndani ya makabati marefu. Hapo programu ilikuwa waya zenyewe. Umeme ukikatika, waya hazisahau. Ukirudi, kabati linafanya kazi ile ile. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine: ukitaka kubadilisha mpangilio wa kazi, unang'oa waya na kuzifunga upya, kwa siku au wiki nzima.

Hilo njo lililowachosha watu wa magari kule Marekani. Mwaka 1968 kampuni ya General Motors ilikuwa inatafuta mashine ya kuchukua nafasi ya makabati ya relei. Mhandisi Dick Morley na wenzake wakatengeneza Modicon 084, mojawapo ya otomati za kwanza ambazo programu yake inabadilishwa bila kugusa waya. Ndizo hizi tunazoziita PLC. Kumbukumbu yake ilikuwa ya vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyuzi kama shanga. Umeme ukienda, kila kipete kinabaki na sumaku yake. Ilikuwa imara sana, lakini ya bei kali na yenye nafasi ndogo.

Betri, dirisha na diski

Kizazi kilichofuata kilitumia chipu za RAM. Zilikuwa za bei nafuu na za haraka, ila zina tabia moja mbaya: umeme ukizimika, zinasahau kila kitu. Basi wakaziwekea betri ndogo pembeni. Mafundi wa zamani wanaijua sheria ya mitambo mingi ya aina ile: betri inabadilishwa mtambo ukiwa na umeme, si ukiwa umezimwa. Kijana mwenye bidii alizima kila kitu kwanza kwa ajili ya usalama, akachomoa betri iliyochoka, na programu nzima ikayeyuka mkononi mwake.

Dawa nyingine ilikuwa EPROM, aliyoivumbua Dov Frohman akiwa Intel mwaka 1971. Chipu hii ina dirisha dogo la kioo mgongoni. Unaandika programu kwa umeme, na ukitaka kuifuta unaiweka chini ya taa ya urujuanimno kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana mafundi huziba dirisha lile kwa karatasi ya gundi, mwanga usiingie. Haitaki betri na hudumu miaka mingi. Lakini haifai kwa kompyuta inayoandika taarifa mpya kila dakika. Na hapa kuna jambo la Afrika: miaka ya 1970 Frohman huyo huyo aliacha kazi Marekani akaja kufundisha chuo kikuu huko Kumasi, Ghana.

Kisha kompyuta za kawaida zikaingia viwandani, hasa miaka ya 1990, na zikaja na diski ngumu. Diski hiyo ni sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinapita juu yake kwa umbali mdogo kuliko punje ya vumbi. Ya kwanza duniani, ya IBM, ilitoka 1956: sahani 50, na zote pamoja zilibeba takriban megabaiti 5 tu. Tusisahau mchango wetu hapo. Utando wa sumaku unaobeba data kwenye diski za kisasa una kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, nyingi ikitoka ukanda huu wa Katanga. Dunia imehifadhi picha zake na hesabu za benki kwa madini ya kwetu.

Lakini weka diski ile karibu na kinu cha kusagia mawe. Mtikisiko usiku na mchana, joto, vumbi jekundu la Septemba kabla ya mvua. Kichwa kinagusa sahani, na mambo yanaishia hapo. Faida yake ilikuwa moja: mara nyingi diski hulia kabla ya kufa. Inakwaruza, inagonga, na fundi mwenye sikio anajua kwamba muda umefika.

Flashi: kimya ndani ya kasha

Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, alitangaza kumbukumbu mpya inayoandikwa na kufutwa kwa umeme, fungu kubwa kwa mara moja. Mwenzake Shoji Ariizumi akapendekeza jina la flashi, kwa sababu kufuta huko kulimkumbusha mmweko wa kamera. Aina inayoitwa NAND ikafuata 1987, na 1994 SanDisk ikatoa kadi ya CompactFlash. Kadi hii ilikuwa zawadi kwa viwanda: inazungumza na kompyuta kama vile ni diski ngumu. Ukitoa diski na kuweka kadi, kompyuta ya zamani haijui hata kwamba umebadilisha. Hakuna sahani wala mota, na mtikisiko haiujali.

Sasa, inakumbuka vipi? Ndani kuna mamilioni ya vyumba vidogo, na kila chumba kinafungia elektroni chache nyuma ya ukuta mwembamba sana wa kuzuia umeme. Elektroni zikiwemo, chumba kinasomeka hivi. Zisipokuwemo, kinasomeka vile. Kuziingiza na kuzitoa ni kuzisukuma zipenye ukuta ule kwa nguvu, na kila mara ukuta unachakaa kidogo. Baada ya kupenywa mara nyingi hauzuii tena vizuri, na elektroni zinavuja.

Wazia daftari la penseli na ufutio. Ukifuta mahali pamoja kila siku, karatasi inatoboka. Na daftari hili lina masharti: haliruhusu kufuta neno moja. Ukitaka kurekebisha neno, unaandika ukurasa uliorekebishwa mahali pengine palipo wazi, na baadaye fungu zima la kurasa za zamani linafutwa kwa pamoja. Kwa hiyo kompyuta inayoandika mstari mmoja tu wa taarifa inaweza kuichosha kadi kuliko unavyodhani.

Karatasi nazo hazilingani. Flashi inayoweka biti moja kwa chumba, iitwayo SLC, kwa kawaida ilihesabiwa kuvumilia mizunguko kama 100,000 ya kuandika na kufuta. Ya biti mbili, MLC, ni elfu chache, pengine mpaka 10,000. Ya biti tatu, TLC, mara nyingi ni kama 1,000 hadi 3,000. Kadi zinafanana kwa nje, bei ndiyo inayotofautiana, na mnunuzi wa ofisini anachukua ya bei ndogo. Hapo njo kuko shida yenyewe.

Ndani ya kadi au SSD kuna pia chipu ndogo ya usimamizi. Inagawa kazi ili vyumba vichakae kwa usawa, na inatunza orodha ya mahali ilipoweka kila kitu. Orodha ile ikiharibika, data zinaweza kuwa zipo lakini hakuna anayejua zilipo.

Ushahidi wa dunia

Kesi nne zinatosha kuonyesha jinsi ugonjwa huu unavyokuja.

Ya kwanza iko mbali sana: sayari ya Mirihi. Januari 2004 roboti Spirit ya NASA, ikiwa na wiki chache tu tangu itue, ilianza kujizima na kujiwasha bila kukoma. Flashi yenyewe ilikuwa nzima. Mafaili yalikuwa yamerundikana mno, na mfumo wa kuyasimamia ukahitaji kumbukumbu kuliko iliyokuwepo. Wahandisi waliiamuru iamke bila kugusa flashi, wakafanya usafi, na Spirit ikaendelea kufanya kazi hadi 2010. Iliokoka kwa sababu waliibuni ikiwa na njia ya pili ya kuamka.

Ya pili, 2013: watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na HP Labs walichukua SSD 15 za aina mbalimbali wakazikatia umeme kwa makusudi zikiwa katikati ya kuandika. Kati ya hizo 15, 13 zilionyesha hitilafu: data zilizoharibika, maandishi yaliyoishia nusu, hata kufa kabisa. Wakazi wa Lubumbashi wangeweza kuwaambia bila maabara!

Ya tatu, Novemba 2019: kampuni ya HPE iliwaonya wateja kwamba baadhi ya SSD zake zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Sababu ilikuwa kosa la hesabu ndani ya programu ya chipu ya usimamizi. Fikiria umeweka diski mbili, moja ikiwa akiba ya nyingine, na umeziwasha siku moja. Zitakufa saa moja.

Ya nne, Februari 2021: Tesla iliita magari kama 135,000 yarudi kurekebishwa. Kompyuta ya dashibodi ilikuwa na flashi ya gigabaiti 8, na uandishi wa kila siku ukaichosha. Ikifa, dereva anakosa picha ya kamera ya nyuma na mambo mengine ya usalama. Gari bado zima, injini nzima, kilichochoka ni daftari.

Tusiwe wadhalimu kwa flashi, lakini. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na Google walichapisha matokeo ya miaka sita ya matumizi halisi, na yalionyesha kwamba SSD hubadilishwa mara chache kuliko diski ngumu. Ila ndani ya miaka minne ya kwanza, kati ya asilimia 20 na 63 ya SSD, kutegemea modeli, zilipata angalau kosa moja la kusoma lisiloweza kusahihishwa. Kwa maneno mengine: inakufa mara chache, lakini inapoteza vipande kimya kimya. Haigongi, haikwarui. Asubuhi moja mtambo unakataa kuwaka.

Turudi Katanga

Sasa lete habari hizo nyumbani. Umeme wetu una historia ndefu: Mwadingusha kwenye mto Lufira tangu 1930, kisha Koni, Nzilo na Nseke miaka ya 1950, na tangu 1982 laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700. Ni kazi kubwa ya uhandisi. Lakini kila anayeishi hapa anajua delestaji. Umeme unaenda, unarudi, unapepesa mara tatu, unaenda tena. Kwa taa ni usumbufu. Kwa kadi iliyo katikati ya kuandika orodha yake, kila kupepesa ni hatari. Ongeza joto la kasha la chuma lililofungwa juani: joto huharakisha kuvuja kwa elektroni.

Na mgodini kusimama si jambo dogo. Kipushi, kilomita kama 30 tu kutoka mjini, ilijaa maji mwaka 2011 baada ya pampu kukosa matengenezo kwa muda mrefu. Uzalishaji ulirudi 2024. Sisemi kisa kilikuwa kadi ya flashi, hapana. Ninasema tu kwamba tunajua gharama ya pampu iliyosimama, na siku hizi pampu inaweza kusimamishwa na kitu cha dola chache.

Kwa hiyo wewe unayetoka Polytechnique ya UNILU au chuo kingine, unaenda staji yako ya kwanza, historia hii inakupa kazi za kufanya kabla hujaombwa.

Uliza kadi iliyomo ni ya aina gani na ina miaka mingapi. Aliyenunua kadi ya kamera akaiweka kwenye mtambo wa saa 24 ameokoa pesa leo ili alipe kesho.

Tazama kompyuta inaandika nini. Kama inajaza daftari la matukio kila sekunde, mweleze mkubwa wako kwamba taarifa hizo zinaweza kwenda kwenye seva ya mtandao wa kiwanda, na kadi ibaki ya kusomwa tu. Hicho kingeokoa dashibodi nyingi za Tesla.

Hakikisha kuna ondulea, na kwamba inaiambia kompyuta ijizime kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Ondulea inayochelewesha giza kwa dakika kumi bila kutoa amri yoyote imeahirisha ajali tu.

Tengeneza nakala kamili ya kadi, kisha iweke kwenye kadi ya pili na uwashe mtambo nayo. Nakala ambayo haijawahi kuwashwa ni matumaini tu. Irudie kila programu inapobadilishwa.

Na usiiache kadi ya akiba kwenye droo miaka mitano ukidhani inakungoja. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinadai SSD ya kawaida iliyotumika hadi mwisho wa uhai wake itunze data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzijoto 30. Ile ya seva, miezi mitatu katika nyuzijoto 40. Mpya hutunza muda mrefu zaidi, lakini weka nakala nyingine kwenye aina tofauti ya hifadhi. Diski ngumu ya kizamani, yenye kobalti yetu, bado inafaa sana kabatini, mbali na kinu.

Neno la mwisho

Mwaka 1965 mzee André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kwa niaba ya watu waliofanya kazi za ndani katika nyumba za wazungu. Kilikuwa kijitabu cha taipu tu. Leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya dunia, kwa sababu kilitolewa nakala, na mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian akakichapisha pamoja na tafsiri. Wangapi wengine waliyajua mambo yale yale vizuri kuliko yeye, na yakabaki kichwani mwao mpaka makaburini?

Mashine haina tofauti. Kichwa cha mtu, waya, vipete, betri, sahani, flashi: vyote vimesahau, kila kimoja kwa namna yake, na kijacho nacho kitasahau. Kilichookoa kila mara ni nakala ya pili, mahali pengine, iliyojaribiwa.

Basi Jumatatu ukifika kazini au kwenye staji, muulize fundi mkubwa kwa heshima: "Papa, kadi hii ikifa leo usiku, nakala iko wapi?" Akinyamaza, umeshapata kazi yako ya kwanza.